Kumuaga Mwalimu Skola Bila Machozi

Usipa, wale dagaa wetu wa ziwani, ukianikwa na jua likakolea, harufu yake huingia kila mahali: kwenye nywele, kwenye madaftari, hadi kwenye vitabu vya nyimbo vya kanisani. Wageni huziba pua. Mimi nikiinusa leo, hata sokoni mjini, nasikia njaa, na papo hapo nasikia kwaya. Kwaya yetu ya shule ilifanyia mazoezi ufukweni, katikati ya vichanja vya samaki, maana hapo ndipo palipokuwa na nafasi ya watoto arobaini na hapakuwa na mtu wa kulalamikia kelele zetu. Kijiji chetu kiko ukingoni mwa Ziwa Nyasa, si mbali na Kihagara. Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Sabuni za rangi zilikuwa zimerudi madukani, mitumba ilining'inia gulioni, na malori ya watu binafsi yalikuwa yameanza kuteremka kutoka Mbinga kufuata samaki. Nilikuwa darasa la sita, nina miaka kumi na miwili, na mimi ndiye niliyekuwa mwanzishaji wa nyimbo.

Mwalimu wetu wa kwaya alikuwa Mwalimu Skola, Mmatengo wa Mapera, kule juu milimani, Mkatoliki aliyekuja kuishi katikati yetu sisi Waanglikana. Alipofika aliogopa ziwa kiasi cha kuoga kwenye beseni ilhali maji yote yale yako mbele yake, nasi tukamcheka sana. Lakini kwa miaka sita alitufundisha kuimba sauti nne bila kinanda, akigonga rula kwenye mguu wa dawati, na hatukuwahi tena kupata hamu ya kumcheka. Hakuwa mwepesi wa kusifu. "Edina, unaimba kama unaita wateja wa samaki," aliniambia mara ngapi sijui. Nilimpenda mno. Kila asubuhi nilimkimbilia njiani kumbebea mkoba, wangu nikimtwika mdogo wangu. Barua ya uhamisho ilipokuja, ikisema anakwenda kuwa mwalimu mkuu wa shule ya kwao, tulimfurahia kwa muda wa robo saa hivi, halafu tukaanza kununa.

Mwalimu mkuu wetu alituagiza tuchague nyimbo tatu za kumshukuru na kumuaga. Mwalimu Skola alipopata habari, alikuja mwenyewe ufukweni na sharti lake. Alitusimulia kwamba siku alipoondoka kwao kuja huku, kijana mbichi ametoka chuoni, ndugu zake walimwimbia nyimbo za kuagana mpaka mama yake akaanguka vumbini. "Nilililiwa kama marehemu," alisema, "na huku nimesimama na kikapu changu cha maharage. Safari nzima najipapasa nione kama bado nipo. Sasa nasema mapema. Mtoto mmoja tu akilia, napanda gari na sigeuki nyuma." Maneno ya mwisho aliyasema akiniangalia mimi. Kila mtu alijua kuwa machozi yangu yako karibu. Nililia siku ya kugawiwa zawadi, nililia mbuzi wa jirani alipouzwa, na mwanzishaji akilia, kwaya nzima huzama naye. Kwa hiyo kama Mwalimu Skola angeondoka bila kugeuka, kosa lingekuwa langu.

Nyimbo mbili za kwanza tulizichagua upesi. Mmoja wa kumshukuru Mungu, wa haraka, wenye makofi. Na mwingine tuliutunga wenyewe juu ya hesabu za kugawanya, ambazo pia alitufundisha yeye na ambazo wengi wetu hatujazielewa hadi leo. Shida ikawa wimbo wa kuaga wenyewe. Kwetu ziwani nyimbo za kusindikiza ni zilezile, awe anayeondoka anasafiri, anaolewa au anazikwa. Tuliujaribu wa kwanza. Kufika ubeti wa pili sauti ya pili ilikuwa imeshakatika, wanavuta kamasi, na Faraja wa besi, aliyejigamba kuwa yeye mwanaume, akageukia ziwani akijifanya anahesabu mitumbwi. Nikasema tuuharakishe, labda haraka itasaidia. Haikusaidia, tulilia kwa haraka. Siku zilikuwa zimebaki nne.

Ndipo nikamkumbuka Mama Otilia, mama wa Kimatengo aliyeteremka kila wiki na maharage yake kubadilishana kwa usipa, na ambaye alikuwa akifikia nyumbani kwetu. Nilimkuta amekaa jikoni na mama yangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona macho yamevimba hivyo?"

Nikamweleza. Akacheka hadi akaweka ungo chini. "Mwimbieni wa ngoro basi," akasema. "Ule haujawahi kumliza mtu. Ule unatoa jasho tu."

Ngoro ni vile vishimo ambavyo Wamatengo huvichimba kwenye miteremko yao ili mvua isiondoke na udongo. Wanaume hufyeka majani na kuyalaza miraba miraba, kisha wanawake huja na majembe kuyafukia. Wimbo wenyewe ni wa utani: mwanzishaji anamtaja aliyebaki nyuma kwenye mstari, na wenzake wanaitikia kwamba aongeze mwendo. Tuliujifunza kwa Kimatengo kwa siku tatu, ndimi zikijikwaa, sisi watoto wa mchangani ambao hatukuwahi kuchimba ngoro hata moja.

Jumamosi asubuhi lori lilisimama uwanjani mwa shule likiwa na magunia ya usipa, godoro la Mwalimu Skola na kuku wake wawili. Nyimbo mbili za kwanza zilipita salama. Wa tatu tukasimama wima kama kwaya, mikono ubavuni, nikaanzisha kwa kumtaja mwalimu mkuu kuwa ndiye aliyebaki nyuma. Mwalimu Skola aliziba mdomo kwa mkono. Kisha akapaza sauti, "Nyie watoto! Mnalima mmesimama?" Akatupa viatu kando, akaomba jembe, akainama pale pale uwanjani na kuanza kuchimba. Akina mama wakakimbilia majembe yao. Nikamtaja padri, naye akavua kofia akaingia mstarini. Nikamtaja dereva, akazima gari. Watu walicheka mpaka wakashikana wasianguke, na mimi nilikuwa na furaha ambayo sijui niiweke wapi.

Lakini majina yakaanza kuniishia. Kwenye kwaya Mwalimu Skola ndiye aliyekunja ngumi kutufungia wimbo, na ngumi siioni. Nikamtaja bibi yangu. Nikawataja wale kuku wawili. Mwisho nikamsogelea, jasho likinitiririka, nikanong'ona, "Mwalimu, tumalize?"

Hakuacha kuchimba. "Huu hauna mwisho, Edina. Unakoma mwenye shamba akisema imetosha."

"Mwenye shamba ni nani?"

"Leo nadhani ni mimi," akasema, na akainua jembe tena.

Nilielewa. Nikarudi mahali pangu nikamtaja mwalimu mkuu upya.

Alisema imetosha dereva alipopiga honi mara ya tatu. Tulikuwa hoi, hakuna aliyebakiwa na pumzi ya kulilia. Alipanda na matope yake miguuni, akageuka na kutupungia mpaka lori lilipoanza kupanda mlima. Mwalimu mkuu aliamuru tufukie vile vishimo, halafu akabadili mawazo, tukapanda mahindi.

Siku hizi nyimbo za kuaga huchaguliwa kwenye simu. Nilipoacha ualimu mwaka jana, mshereheshaji aliukata wimbo wangu katikati kwa sababu keki ilikuwa inasubiri. Sikukasirika, nilipigiwa vigelegele vya kutosha. Na barabara ni ya lami sasa, safari iliyomchukua Mwalimu Skola siku nzima inakwisha chai ikiwa bado tumboni. Pasaka iliyopita nilipanda hadi Mapera kumwona. Amezeeka, sauti bado ile ile ya kukosoa. Nilimwambia nililolificha miaka yote, kwamba siku ile ningetaja majina mpaka jua lizame.

"Nilijua," akasema. "Ndiyo maana ilibidi niseme mimi. Wewe usingesema kamwe."

Jioni akanisindikiza barabarani. Gari la kwanza likapita tukiongea. La pili nalo likapita. La tatu liliposimama nililia waziwazi, kama mtoto, na safari hii hakunikataza, kwa kuwa naye alikuwa analia.