Coleta na Mlima Wake

Jirani yangu Coleta hajui kukaa. Ukimpa kiti, anakishika mgongo, anasema lililomleta, huyo anaondoka. Hata kanisani Kaengesa husimama mlangoni, mguu mmoja nje.

Serikali ilipofuta ruzuku ya mbolea na bei ikapaa, sisi Wafipa tulirudia ntumba, yale matuta ya mviringo ambayo nyasi hufukiwa ndani zioze. Ntumba bila nyasi ni udongo mtupu. Basi Coleta akazilinda nyasi za mlima wake kama mboni ya jicho: hakuna kuchoma, hakuna mifugo. Kila alfajiri alizunguka mpaka wake na fimbo. Nikamtania kwamba mlima hautoroki.

Miaka ikapita. Nyasi zikazeeka zimesimama, changa zikakosa jua, vichaka vikaingia. Tulimwambia. Sikio la kufa halisikii dawa, akazidi kulinda.

Kiangazi kimoja, Coleta akiwa misani, ng'ombe wa Masunga wakaingia. Masunga ni Msukuma, alihamia kwetu na mkewe Minza. Hadi anawatoa, walikuwa wamekula na kukanyaga upande wote wa mashariki. Aliomba radhi, Coleta hakutaka kusikia. Kwenye mkutano wa kijiji alipiga kelele kuliko wote, ikaamuliwa Masunga ahame kabla ya Krismasi.

Mvua zikaja. Upande wa mashariki, uliokanyagwa na kutiwa samadi, ukafumuka nyasi changa, nene, hata udongo huuoni. Ule alioulinda ukabaki wa kijivu. Coleta alipanda na kushuka mlima ule akijisemea peke yake, mpaka asubuhi moja akanijia anahema.

"Kina Masunga wanahama lini?"

"Leo. Si ulitaka mwenyewe?"

Alishatoka mbio. Nikamfuata nikilaani magoti yangu.

Tuliwakuta kwenye barabara ya kushukia bonde la Rukwa, Minza ametangulia na mzigo kichwani, Masunga na ng'ombe nyuma yake.

"Shikamoo, mama," Masunga akasema. "Tunaondoka, kama ulivyotaka."

"Marahaba. Masunga, mlima wangu unakufa. Mlipokanyaga ninyi ndipo palipopona. Rudisha ng'ombe, tupangiane: leo wale huku, kesho kule."

Minza akageuka. "Mama, ulitufukuza mbele ya watu. Tukirudi leo, utatufukuza tena kesho."

 Nilimwonea Coleta huruma, na hasira pia. Mara akafanya jambo ambalo sijawahi kuliona: akakaa. Katikati ya barabara, kwenye tope, miguu ameinyoosha.

"Inuka, mama, watakukanyaga!" Masunga akasema.

"Siinuki. Mkutano uitwe tena. Nitasema nimekosa, mbele ya watu wale wale."

Masunga akapiga mluzi, kundi likasimama.  Minza akatua mzigo, akakaa kando ya Coleta.