Sauti ya Mjomba Kwenye Kifurushi

Mjomba wangu alikuwa maalim wa madrasa Ngara. Programu ya kuwafunza watoto herufi za Kiarabu aliitunga mwenyewe, akarekodi na sauti yake humo humo. Kwa kuwa mimi nafanya kazi ya kompyuta Hurlingham, akaniomba niifunge kifurushi kizuri, iingie kwenye kompyuta za Linux za madrasa zote za jirani. Alikuwa na haraka. Daktari alishamwambia koo lazima lipasuliwe, na sauti huenda isirudi.

Kufunga programu ya Linux kuna njia mbili. Ya kwanza, unachanganya kazi ya mtunzi na marekebisho yako, vinakuwa kitu kimoja. Ya pili, kazi ya mtunzi unaiacha nzima kama alivyokuletea, na marekebisho yako unayaweka kando, viraka vya kubandika na kubandua.

Mwenzangu ofisini alitaka ile ya kwanza. "Si hiyo ni kitu ya anko wako? Changanya tu tumalize, tukakule."

Mjomba naye nilipompigia, "Changanya tu, mwanangu. Kwani sisi si nyumba moja?"

Nikakataa katakata. Wallahi sikutaka hata pumzi yake iguswe! Ila kwenye herufi ya qaf alikuwa amekohoa, tena kikohozi cha haja, basi nikarekodi qaf safi kwa sauti yangu na kuiweka kama kiraka juu ya yake.

"Ukaidi huu umeurithi kwa mama yako," akanicheka.

Haikupita wiki, watoto wakaja juu. Maalim hakohoi tena! Kumbe walishazoea: akifika qaf akakohoa, darasa zima nalo linakohoa, kwa adabu kabisa. Nikakibandua kiraka changu hata chai haijapoa. Tungekuwa tumechanganya, ile asili ningeitoa wapi? Kompyuta aliyoitungia ilishaungua, na mwenyewe alikuwa wodini.

Alipotoka hospitali, sauti imebaki upepo tu, nilimpeleka madrasa. Tukaketi nyuma, watoto wakiitikia sauti yake kutoka kwenye mashine. Mimi machozi yalinibubujika. Yeye alisikiliza kwa makini, uso umekunjamana, kisha akanivuta karibu na kuninong'oneza:

"Mwambie yule maalim wa mashine apunguze kasi, anawakimbiza watoto."