Vanishi ya Dashibodi ya Baba

Mwanangu, asubuhi ile haijanitoka moyoni, Baba aliposema siku ya harusi yangu hatukodi gari. Alisema atanipeleka kanisani Kisesa mwenyewe, kwa gari lake kuukuu lenye dashibodi ya mbao. Nilifurahi, ila ile mbao ilikuwa imepauka na vanishi yake inabambuka.

"Hiyo niachie mimi," nikamwambia.

Wakati huo nilikuwa napaka vanishi vitanda kwenye karakana ya shangazi yangu Kabula, pale Mabatini. Nikachukua kopo la vanishi ya spiriti, ile inayokauka upesi na kung'aa kama kioo. Shangazi akaliweka kando.

"Kitanda kinakaa chumbani," akasema. "Gari linashinda juani, vioo vimefungwa. Wewe umepata wapi uhakika kwamba hii itastahimili?"

Akanipa vipande vitatu vya mbao. Kimoja nikakipaka vanishi ya spiriti, kingine vanishi ya mafuta, na cha tatu klia, ile vanishi angavu ya mafundi wa bodi za magari, inayochanganywa na dawa ya kuigandisha. Nilipopaka hiyo alinifunika pua na mdomo kwa barakoa, akanitoa nje uwanjani penye upepo, maana mvuke wake ni mbaya. Vilipokauka, tukaviweka juu ya dashibodi ya Baba.

Basi akawa anazunguka navyo kila mahali. Kwenye foleni ya kivuko cha Sengerema watu walimuuliza anauza nini.

"Siuzi," anajibu, kifua mbele. "Binti yangu anafanya mtihani."

Jua la Mwanza likasahihisha. Cha spiriti kililainika hadi kikashika alama ya kidole, na tone la maji likakiachia doa jeupe. Cha mafuta kiligeuka manjano. Cha klia kilibaki vilevile. Nikaikwangua mbao ya gari yote, nikapiga klia tabaka jembamba baada ya jingine, kila moja likikauka napitisha msasa laini kabla ya linalofuata. Haraka ya harusi nilikuwa nayo, mwanangu, wee acha tu, lakini sikuruka hata hatua moja.

Siku yenyewe Baba aliendesha polepole, anaimba, shangazi akamwaga soda kwenye dashibodi kwa kucheka. Tukafuta, ikang'aa. Tulipofika, Baba akawaita wakwe zangu waje waiguse. Waliishika dashibodi kabla ya kunishika mimi mkono, nami nikacheka mpaka shela ikaniteleza.

Mwanangu, kitu unachokipenda usikipe kinachopendeza dukani tu. Jiulize kitaishi wapi, ujaribu pembeni kwanza, kisha ufanye kazi kwa utulivu. Mungu akujalie mikono yenye subira na watu wa kujivunia kazi yako mbele ya wageni.