Vigelegele Kwenye Mizani

Nilipomaliza chuo kikuu nilirudi nyumbani Iyunga kungoja kupangiwa kazi, na kitu cha maana nilichorudi nacho kilikuwa redio ya kaseti yenye mkanda wa kuning'iniza begani. Mdogo wangu wa kike alikuwa na miaka kumi na minne. Alikuwa mnene hata mguu wake wa kushoto ulikuwa umeanza kupinda. Akitoka barabara kuu kuja nyumbani alisimama njiani, akajifanya anafunga kamba za viatu.

"Pisheni, roli la pareto linapanda mlima," watoto wa jirani walisema.

"Lina breki mbovu, litawakanyaga," aliwajibu, na wote wakacheka. Mimi sikucheka.

Nilimpeleka Iringa, kwenye hospitali ya misheni. Daktari, mgeni mwenye Kiswahili cha taratibu, alisema mguu unaweza kunyooshwa, ila kwa uzito ule hathubutu kumpa dawa ya usingizi. Apungue kwanza. Tena upesi, maana mvua zikianza yeye anarudi kwao, na hajui kama atakuja mwingine wa kazi hiyo. Njia nzima ndani ya basi nilikuwa nikitazama mawingu. Nilimweleza mama kila kitu. "Haya, baba," alisema, akaingia jikoni.

Kila mwezi Landrova ya kliniki ilisimama kanisani. Nesi alifunga mizani ya watoto wachanga kwenye boriti, na ya kusimama akaiweka chini. Kwetu kupima uzito kulikuwa jambo la hadhara. Mtoto akiongezeka, wanawake walipiga vigelegele. Akipungua, mama yake aliulizwa mbele ya wenzake anamlisha nini.

Nesi alimpa mdogo wangu maagizo ya chakula na mazoezi. Nilihofu kwamba atayasahau, kisha nikahofu kwamba hatayasahau bali atayaonea aibu. Nikamwomba nesi azungumze, nimrekodi kwenye kaseti ya redio yangu. Alinitazama kana kwamba nimechanganyikiwa kwa kusoma, halafu akaisogeza mdomoni.

"Mwanangu, umeamka? Kaa kwenye kiti. Nyoosha mguu mmoja, uushikilie hapo hapo. Usinidanganye, nakuona. Ugali wako uwe wa ngumi moja, mboga jaza sahani."

Ilifanya kazi. Asubuhi alikaa uani na redio mapajani, akiijibu: "Ndiyo, nesi. Sikudanganyi, nesi." Akienda kisimani aliivaa begani. Betri zilipochoka, sauti ya nesi ikawa nzito kama ya katekista, naye akacheka mpaka akajishika mbavu. Tulizianika juu ya bati zipate nguvu. Nilikuwa nikizigeuza kama mtu anayeanika dagaa, nikiwaza zikifa leo itakuwaje.

Landrova iliporudi, mdogo wangu alikuwa amepungua. Nesi alimpiga begani kwa furaha. Lakini kwenye foleni hakuna aliyepiga kigelegele. Kisha mwanamke mmoja akamuuliza mama, kwa upole kabisa, "Dada, huyu binti anaumwa nini?" Mama aliinamisha uso, akarekebisha khanga yake. Niliona alivyoirekebisha. Nikalifikiria tendo lile usiku na mchana, na bado sikulielewa.

Mwezi uliofuata mawingu yalikaa juu ya mlima yasiondoke. Mdogo wangu alipanda kwenye mizani akitabasamu. Nesi akasogeza kipimo, akakirudisha, akakisogeza tena. Alikuwa ameongezeka, kupita hata siku ya kwanza.

Wanawake wakapiga vigelegele.

Walivipiga kwa moyo safi, kwa kuwa mtoto wa mwenzao amepona. Mama alikuwa katikati yao, uso umenyooka. Mdogo wangu alibaki juu ya mizani, redio begani, hajui ashuke upande gani.

Nyumbani nilimuuliza mama. Hakuficha. Kila jioni alimpa uji wa karanga na maziwa, akamwambia ni dawa ya mguu.

"Mama, nilikueleza. Daktari alisema apungue."

"Ulinieleza, baba. Na kabla yako wewe nilikuwa na mtoto aliyepungua. Alipungua mwezi huu, akapungua mwezi wa pili. Wa tatu sikwenda naye kliniki, hakukuwa na wa kupima." Alipangusa mikono. "Mimi sijawahi kuona mtoto anapungua halafu anapona. Wewe umeona?"

Mvua ilinyesha wiki ile. Siku niliyofika kuuliza Iringa, daktari alikuwa ameshaondoka.

Jioni niliporudi, mdogo wangu alikuwa amekaa jikoni, mguu ameunyoosha juu ya kigoda, kaseti ikisema kwa sauti ya chini. Mama alikuwa akisikiliza, mwiko mkononi. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akiisikiliza mpaka mwisho.

"Huyu nesi anasema apungue," aliniambia. "Sawa. Apungue mpaka wapi? Nitajuaje kwamba amefika, na si kwamba ananitoka?"

Niliinama, nikaizima redio.

Mama alipakua ugali wa ngumi moja. Akamwekea binti yake, akamshika kifundo cha mkono, akakizungushia vidole vyake kukipima. Kisha akachota mwiko mwingine wa ugali, akaushika hewani juu ya sahani, akawa ananitazama mimi.