Fundi Aliyefumua Kipande cha Piano

Fundi wetu wa nguo ana miaka hamsini na miwili na anaimba besi. Mimi ni katibu wa kwaya hiyohiyo, naimba sauti ya tena, na duka lake liko njiani ninapotoka kazini, kwa hiyo mengi ya haya niliyaona kwa macho.

Kwa miaka kumi na tisa Fundi amekuwa akitunga nyimbo, na hakuna hata mmoja uliofika mwisho salama. Zinaanza vizuri. Ubeti wa kwanza watu wanatikisa vichwa. Ubeti wa pili soprano wanapanda mahali pasipo na ngazi ya kushukia, besi wanabaki chini wakitafutana, na mwalimu wa kwaya anashusha mikono.

"Fundi," alimwambia siku moja mbele ya wote, "umeshona suruali ya miguu mitatu. Hata tukimpata wa kuivaa, zipu utaiweka wapi?"

Fundi alicheka pamoja na wengine. Njiani hakucheka.

"Katibu, mguu wa tatu siupendi hata mimi. Tatizo sijui unaanzia wapi. Ningejua, ningeukata."

Ndiyo maana chuo cha muziki kilipotangaza masomo ya Jumamosi kwa watunzi wa kwaya, Fundi alichukua fomu siku ileile. Nafasi zilikuwa nne, na mkufunzi alikuwa anastaafu mwaka unaofuata, kwa hiyo masomo hayangerudiwa. Cheti hakikuhitajika. Kila mwombaji alipewa nakala ya fotokopi ya kipande kimoja cha zamani cha piano, kurasa sita zilizobanwa kwa stepla, akae nacho miezi miwili, kisha aje aeleze kimejengwaje: sauti zipi zinafuata zipi, kwa nini, na kina sehemu ngapi. Mtunzi wake alikufa kabla babu wa babu yangu hajazaliwa, kwa hiyo hakuna wa kumwuliza. Mashine ya fotokopi nayo ilikuwa imekula ukingo wa chini wa kila karatasi, namba za kurasa zikaenda nao.

Fundi hapigi piano, kama ambavyo wapiga piano wengi hawawezi kukata kola. Wiki tatu za kwanza alizimaliza akigeuza nota zote kuwa do, re, mi, ambazo sisi wanakwaya ndizo tunazosoma. Alipomaliza akawa na lundo la herufi na hakuna cha kuzipigia. Basi akaamua tuziimbe.

Duka lake ni dogo: cherehani mbili, meza ya kukatia, pasi, na kaunta ambapo mkewe anauza vifungo, zipu na nyuzi. Ukuta wa kushoto ni plaiwudi tu, na upande wa pili ni saluni ya dada mmoja ambaye ni alto wetu. Mke wa Fundi ni soprano. Nikiingia mimi jioni, kwaya inatimia bila mtu kuacha kazi yake.

"Fungu la kumi na saba!" Fundi anaita akiwa na pini mdomoni. Fungu ni zile sauti zinazopigwa kwa pamoja.

Mkewe anashika juu, mimi katikati, Fundi chini, na kutoka ng'ambo ya plaiwudi alto inaingia, ikifuatana na harufu ya mafuta ya nywele.

"Simama hapo! Sikilizeni. Hili linataka kwenda wapi?"

"Linataka kwenda nyumbani," anasema mkewe. "Kama mimi."

"Mwambie Fundi," inasikika sauti ya mteja wa saluni, "huyu dada akiimba anavuta nywele."

Mafungu hayo yana majina yake vyuoni, lakini Fundi hakuyajua, akayapa ya kwake. Lile linalojengwa juu ya do, ambapo sauti zote zinatulia, aliliita Mwenye Nyumba. La fa ni Jirani, anaingia na kutoka bila matata. Lile linalojengwa juu ya la, ambalo ni kama Mwenye Nyumba lakini ameinama, ni Mjane. Kuna moja lenye sauti zinazokwaruzana, linatokea bila hodi na kuharibu mazungumzo. Hilo aliliita Shemeji, na mkewe akamwuliza ni shemeji yupi hasa, wa upande gani. Na lile la so, lenye ile ti inayoning'inia, ni Mgeni Anayeaga. Mgeni huyu amesimama mlangoni, ameshika kitasa, ameshasema kwaheri. Huwezi kumwacha pale. Lazima aende, na anakokwenda ni kwa Mwenye Nyumba.

Sehemu za kipande alizionyesha kwa uzi. Kalamu hakuiamini, na chaki ya kukatia ilifutika. Kila ulipotokea wimbo wa mwanzo alishona pembeni mwa karatasi mshono wa uzi mwekundu. Kila ulipotokea wimbo wa pili, uzi wa kijani. Wimbo wa mwanzo ukirudi umebadilika, umekuwa wa huzuni, alichanganya mwekundu na mweusi. Baada ya wiki moja kipande kile kilikuwa na pindo zuri kuliko nguo nyingi zilizotoka dukani mwezi huo.

Hapo ndipo alipokutana na maajabu. Ukurasa wa tatu, katikati ya safari, kipande kilimalizika kabisa: mafungu mawili mazito ya kwaheri, na mistari miwili ya kufunga. Halafu ukurasa wa nne kikaendelea kama hakuna kilichotokea.

"Kama shangazi yangu," alisema Fundi. "Anaaga, anavaa viatu, halafu anakaa tena na kuanza habari za ukoo."

Ukurasa wa sita nao ulikatika Mgeni akiwa mlangoni, kashika kitasa, na kipande kikaishia hapo. Kwingine Mgeni aliaga vizuri, lakini badala ya kuingia kwa Mwenye Nyumba akatokezea mtaa mwingine kabisa. Tuliimba pale mara nane. Alto aligonga plaiwudi akauliza kama tumeruka mstari.

Mtu mwingine angesema hajui. Fundi alimheshimu mno marehemu mtunzi. Akakaa siku mbili akifikiri, akatoka na sheria, akaniomba niiandike kwenye daftari: Mtunzi mkubwa humpoteza Mgeni kwa makusudi, na huaga kabla ya wakati. Aliipenda sheria hiyo kuliko alivyompenda fundi mwenziwe yeyote. Kwa mujibu wake alitunga wimbo mpya, akauleta mazoezini.

Nilichoandika siku hiyo ni hiki: wimbo ulimalizika katikati, watu watano walikaa chini, mwimbaji mmoja wa tena alikwenda kunywa maji, wimbo ukaendelea, soprano na besi wakafika katika nyumba mbili tofauti, kila upande ukiamini upande wa pili umepotea.

Mwalimu wa kwaya aliweka mikono mfukoni. "Fundi, leo miguu ni minne."

"Wakubwa wanafanya hivyo, Mwalimu. Nina ushahidi."

"Wakubwa wamekufa. Sisi tutaimba Jumapili."

Siku tatu zilibaki kabla ya usaili. Fundi aliishiwa na utani. Alikaa mbele ya cherehani bila kukanyaga, na mkewe, ambaye kwa kawaida humtania mpaka ashike mkasi, alimpelekea chai mwenyewe. "Ukiwaeleza hiyo sheria yako," alimwambia polepole, "wakikuuliza kwa nini, utasema nini?"

"Nitasema ndivyo alivyofanya."

"Hata ile suruali ya miguu mitatu, ndivyo ulivyoishona."

Fundi akanigeukia. "Katibu, wewe unapenda kuhesabu. Nihesabie. Mgeni ameaga mara ngapi, na mara ngapi amefika?"

Nilihesabu jioni ile yote, mstari kwa mstari, nikaandika kila mahali. Mgeni aliaga mara hamsini na nane. Mara hamsini na tano alifika kwa Mwenye Nyumba, au angalau kwa Mjane, ambaye ni jamaa yake. Mara tatu alipotea. Nikamsomea Fundi hizo tatu: mwisho wa ukurasa wa pili, mwisho wa ukurasa wa tano, mwisho wa ukurasa wa sita.

"Soma tena."

Nikasoma tena.

"Mwisho, mwisho, mwisho," alisema. "Hapotei hata mara moja katikati ya karatasi?"

"Hata mara moja."

Akaziinua zile karatasi kwenye mwanga, akatazama pale nyuzi zinapopita kutoka ukurasa hadi ukurasa. Kitambaa cha drafti, ukikishona vibaya, mistari haikutani kwenye mshono, na fundi huona hilo kabla ya kuona nguo yenyewe. Uso wake ukabadilika.

"Mama watoto! Nipe kifumulio!"

Akang'oa pini za stepla. Akautoa ukurasa wa tatu akauweka mwisho. Ule wa sita akauleta mahali pake. Uzi wa kijani ukaungana. Kwaheri zile nzito zikaenda kukaa mwisho, zinapostahili. Tuliimba viungo vyote, kimoja baada ya kingine, na kila mara Mgeni alifungua mlango akamkuta Mwenye Nyumba amekaa. Ng'ambo ya plaiwudi saluni nzima ikapiga makofi, wakiwemo waliokuwa na povu kichwani.

"Hii haikuwa sheria," alisema Fundi akiishika ile pini iliyopinda. "Ni mtu wa ofisini na haraka zake."

Alizishona kurasa upya kwa mkono, mishono ya bandi ndogondogo, kwa uzi mweupe. Furaha iliisha alipofunga fundo. Maana karatasi zilitoka chuoni, na waombaji wote walipewa za namna hiyohiyo.

"Sasa utaenda kumwambia mtu wa chuo kwamba karatasi yake mbovu?" mkewe aliuliza. "Wewe unaomba nafasi au unakwenda kukagua?"

Mimi, nakiri, nilimshauri aeleze kipande kama alivyopewa. Sheria ilikuwa imeandikwa tayari, kwa mwandiko mzuri.

"Nikieleza uongo nikachukuliwa," alisema Fundi, "watanifundisha nini? Nitarudi na mguu wa tano."

Jumamosi nilimsindikiza na barua ya kwaya. Waombaji walikuwa kumi na wawili, naye alikuwa wa saba. Tulikaa kwenye benchi nje ya mlango usiofungika vizuri, tukiwasikia wenzake. Kijana mwenye tai alisema mtunzi "anatushangaza kwa kuaga mapema". Mama mmoja alisema mwisho unaachwa wazi "ili msikilizaji ajimalizie mwenyewe nyumbani". Kila mmoja alisema vizuri kuliko aliyetangulia. Fundi alizidi kuwa mdogo ndani ya koti aliloshona mwenyewe.

"Katibu, bado naweza kusema kama wao?"

"Unaweza," nilimwambia.

Jina lake likaitwa. Mlango ukabaki wazi kiganja kimoja, nami nikasogea.

Mkufunzi alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani, amekaa mbele ya piano na kitabu kikubwa cha jalada gumu mapajani. Alionekana amechoka. "Haya, Fundi. Nawe niambie kuhusu mwisho ulioachwa wazi."

"Shikamoo, Mwalimu. Samahani. Haukuachwa wazi. Karatasi zimepishana, ya tatu na ya sita. Nimezishona upya." Akaziweka juu ya piano.

Mkufunzi alizitazama. Akafungua kitabu chake, akatazama huku, akatazama kule. Kisha akavua miwani, akaegemea kiti, akacheka mpaka akashika kifua.

"Kwa hiyo si mimi! Watu sita, baba yangu, watu sita tangu asubuhi wananieleza maajabu ambayo kwenye kitabu changu hayapo. Nilishaanza kusema kustaafu nimechelewa." Akapangusa macho. "Nani alikuambia?"

"Mgeni, Mwalimu."

"Mgeni gani?"

Ikabidi aeleze. Alimweleza Mwenye Nyumba, Jirani, Mjane, na Shemeji anayeingia bila hodi. Mkufunzi alipiga kila fungu kwenye piano akimfuata, mara ya kwanza akitabasamu, baadaye bila kutabasamu, kwa makini. Walikwenda hivyo kurasa zote sita. Fundi alikosea mahali pawili, akasahihishwa, akauliza kwa nini, akajibiwa.

"Na majina yake halisi huyajui hata moja?"

"Hayo ndiyo niliyoyafuata hapa, Mwalimu."

Akaandika kitu kirefu. "Nenda. Na tafadhali niitie aliyezibana hizi karatasi."

Orodha ilibandikwa Jumatano. Majina manne, la Fundi la pili. Alilisoma, akarudi nyuma hatua mbili, akalisoma tena kwa mbali, kama mtu anayetazama koti kwenye kioo.

Asubuhi iliyofuata mkewe alitundika kibao kipya mlangoni, kwa rangi nyekundu: JUMAMOSI FUNDI YUKO SHULE. NGUO ZICHUKULIWE IJUMAA.

Mteja wa kwanza, mzee mwenye suruali mkononi, alisimama akakisoma kwa sauti. "Shule? Kwa umri ule? Yuko darasa la ngapi?"

"La kwanza," alisema mke wa Fundi, akiipokea suruali na kuikagua miguu. "Lakini anafanya vizuri. Ya kwako inapunguzwa wapi, baba?"