Kisu Kilichobaki Kwenye Droo

Mara ya kwanza kumsikia kaka yangu akiniomba kisu, tulikuwa tumeshamzika wiki mbili nyuma.

Ilikuwa mchana kweupe. Nimekaa juu ya jiwe, nakula mkate na jibini, kondoo wamejilaza kivulini.

Nikasikia nyuma ya sikio, sauti yake ile ile ya kukwaruza.

"Bachis. Kata."

Nikageuka. Hakuna mtu. Mbwa naye alikuwa amesimama, masikio juu, anaangalia pale pale nilipokuwa naangalia mimi.

Ule mkate sikuumaliza.

Ngoja nianze tangu mwanzo, mnielewe.

Mimi, Bachis, ni mchungaji wa kondoo, huku milimani Sardinia, kisiwa cha Italia. Kwetu mwanaume kutoka bila kisu cha kukunja mfukoni ni kama katoka bila suruali. Ndicho unachokatia mkate, kamba, kwato, kila kitu.

Nilipofika miaka ishirini na tano nikataka kisu cha kutambia. Nikanunua dude hilo, ubapa wake shibiri nzima, mpini wa pembe ya kondoo dume. Nikilifungua kwenye sherehe, meza yote inanyamaza.

Tatizo ni uzito. Suruali inashuka, paja linaumia nikipanda farasi. Basi siku nyingine nabeba, siku nyingine naliacha nyumbani.

Kaka yangu Zosepe alikuwa ananicheka sana.

"Mdogo wangu, hicho ni kisu au ni jembe?"

"Cheka tu. Chako si cha kumenyea vitunguu?"

"Ndiyo, na kinamenya."

Huyo ndiye Zosepe. Maneno machache, lakini yanakukaa.

Siku yenyewe tulikuwa tunampeleka farasi mchanga kijiji cha pili akapigiliwe vyuma vya kwato. Zosepe alikuwa mbele, kamba kaizungusha mkononi. Kosa hilo kila mtu huku analijua na kila mtu analifanya.

Wawindaji wa nguruwe mwitu wakapiga bunduki upande wa bondeni.

Farasi akachomoka.

Alimburuta kaka yangu kama gunia, hadi Zosepe akanasa katikati ya mawe mawili. Farasi akawa anavuta upande wa korongo, kamba imekaza mpaka inalia.

Nikamfikia. Alikuwa hai, ananiangalia vizuri tu. Kisu chake kilikuwa kwenye mfuko wa upande uliobanwa na jiwe.

"Bachis. Kata."

Nikaingiza mkono mfukoni.

Hamna kitu.

Nikapapasa mfuko wa pili. Nikapapasa koti. Nikaivamia ile kamba kwa kucha, kwa jiwe, mwisho kwa meno. Niliitafuna kamba ya katani huku kaka yangu ananitazama, na nikaona kwenye macho yake alipoelewa kwamba sina kisu.

Bunduki ikalia tena, farasi akarukia korongoni.

Sitasimulia zaidi ya hapo. Korongo lina kina kirefu.

Jioni, nyumba imejaa watu wanaolia, nikafungua droo ya jikoni. Dude langu lilikuwa pale, limetulia kati ya vijiko. Nikajua nimeliacha mwenyewe.

Nikalitupa kisimani. Nikaapa sitabeba kisu tena.

Miaka sita nimeishi hivyo. Kwenye karamu naazima kisu cha jirani nikate nyama, watu wanainamisha macho. Sauti ya Zosepe nayo haikuniacha. Nikishika kamba, yupo. Nikifunga buti, yupo.

Mwaka huu, majira ya kuchipua, kondoo mmoja jike akajinyonga na uzi wa plastiki wa kufungia majani makavu. Ana mimba kubwa, ulimi umetoka nje, bluu.

Nikapiga magoti. Mfuko mtupu. Ikabidi nitafune tena.

Uzi ukakatika, kondoo akapumua. Mimi nikabaki nimekaa chini, mdomo una damu. Sauti haikusema kitu siku hiyo. Ukimya wake ulinitisha kuliko maneno.

Kesho yake nikaenda kwa mhunzi wa visu, mama mmoja anaitwa Grazietta, ulimi wake mkali kuliko kazi yake.

"Wewe si yule mchungaji wa visu vya kuazima?" akaniuliza hata sijakaa. "Nilikuwa nasubiri lini utachoka."

Nikanyoosha mkono kwenye kisu kikubwa kuliko vyote mezani pake. Akanipiga kofi mkononi.

"Acha hicho. Hicho ni cha kutundika ukutani."

Akanipa kimoja kidogo, ubapa wa vidole vinne, mwembamba kama jani. Akanimwagia maji mikononi.

"Fungua."

Kikanitoka. Akanipa kingine, kikateleza. Cha tatu kikafunguka vizuri, kigumu kidogo, ubapa hauchezi kwenye msumari wa kiungo.

"Sasa kiweke mfukoni, uzunguke nyumba yangu mara tano, kimbia, inama."

Nikazunguka kama mwehu. Niliporudi akauliza, "Umekisikia pajani?"

"Sijakisikia."

"Basi ndicho chako. Ukikata, makali yaelekee mbali na mwili wako. Hakina kufuli, ukikisukuma vibaya kitajikunja juu ya vidole. Jibini ikiingia kwenye kiungo, ifute siku hiyo hiyo, tone moja la mafuta. Na usifungulie nacho mikebe, nikisikia nitakuja kukunyang'anya."

Nikadhani sasa nimepona.

Wapi. Sauti ikazidi. Kisu kiko mfukoni, mkono uko juu yake, na bado: "Bachis. Kata." Nikakata hewa mara moja, peke yangu malishoni, niseme ukweli. Mbwa akanikimbia.

Jumapili nikala chakula cha mchana na mama. Yeye na mimi hatujawahi kuizungumzia siku ile. Nikatoa kisu, nikakata soseji, nikakifuta, nikakiweka kando ya sahani, nikaenda kunawa.

Niliporudi, mama amesimama. Amekikumbatia kile kisu kifuani kwa mikono miwili, rangi yote imemtoka usoni.

"Kiweke mfukoni, Bachis. Sasa hivi. Nikuone unakiweka."

"Mama, tunakula bado."

"Kiweke, mwanangu."

Nikakiweka. Ndipo akakaa, taratibu, kama mtu aliyeshusha mzigo.

"Siku ile nilikitoa mimi."

Sikumwelewa.

"Suruali yako ilikuwa imetundikwa mlangoni. Nikachukua kisu chako niwakatie soseji ya njiani. Nikakifuta, nikakitia kwenye droo na vya jikoni. Mkono ulienda wenyewe. Wewe hukukisahau. Ulikuwa umekiweka mfukoni tangu usiku."

Nikasukuma sahani kando.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulirudi na damu kwenye meno. Ningekuambia nini?" Akaangalia dirishani. "Anakuja, unajua. Nikiwa nakanda unga. Anasimama pale karibu na droo. Ananiuliza, Mama, kiko wapi?"

Miaka sita, ndugu zangu. Chini ya paa moja. Mimi nasikia sauti malishoni, yeye anaisikia jikoni, kila mmoja kamficha mwenzake, kila mmoja anaamini kwamba muuaji ni yeye mwenyewe.

Nikamwambia yangu. Akalia, nami nikalia, chakula kikapoa.

Mnataka kujua kama Zosepe ameondoka? Hajaondoka. Jana alikuja, mama yuko hapo hapo, na kwa mara ya kwanza tulimsikia wote wawili, tukaangaliana. Hakuna aliyejifanya hajasikia.

Kwa anayetafuta kisu cha mfukoni: chukua kidogo, utakachokuwa nacho kila siku, na upapase mfuko mwenyewe kabla ya kuvuka mlango.

Na kama kuna kitu ulikitoa mahali pake siku ambayo mtu alikufa, mwambie aliyebaki. Mwambie leo. Huenda naye anajibebesha kosa hilo hilo, akiwa chumba cha pili.