Punda wa Majengo na bwana mifugo

Jamani, bwana mifugo wetu amekuja kutibu punda na simu mkononi tu!

Punda kagongwa na bodaboda leo asubuhi hapa Majengo, mguu unavuja damu. Nimempigia bwana mifugo mara tano. Kafika saa nane mchana, shati limenyooka.

Nikamwuliza, "Dawa iko wapi?"

"Nimekuja kuthibitisha tukio, dada."

Eti kuthibitisha!

Akaanza kupiga picha. Mama Neema, muuza nyanya, alikuwa anaosha kidonda kwa maji ya chumvi. Akaambiwa, "Mama, sogea, unaziba."

Hakusogea. "Nipige na mimi, baba. Mkubwa wako aone nani anafanya kazi yako."

Akaondoka bila kuaga.

Mguu tumeufunga kwa kitenge changu. Punda kasimama.

Nyie kwenu, mnyama akiumia mnamwita nani?